Boriti ya Moto na Mstari Mweusi

Mashine ya kuvunjia zege ilishawashwa, inanguruma pembeni kama mbwa aliyeonyeshwa mfupa. Moto, mkata nyaya, haachi kuitupia jicho! Boriti ya zege inayongojewa kuvunjwa ni yake.

Miezi mitatu nyuma, nyaya za chuma za boriti hiyo zilivutwa kwa jeki zikakazika hasa, zege likamwagwa juu, likakomaa. Ikabaki kuziachia taratibu, zege lizishike. Subira Moto aitoe wapi? Akanyakua gesi ya kukatia chuma, chaa! Akakata zote kwa mkupuo. Nyaya zikafyatukia ndani, na upande ule zege likashindwa kuzishika sawasawa mpaka karibu mkono mzima kutoka kwenye ncha.

Shemeji yake, dada wa mkewe, ndiye mpimaji. Pale mshiko ulipokamilika akachora mstari mwekundu. Ndani zaidi akachora mweusi.

"Nyaya zikilegea, mshiko ukakimbia mpaka ukapita huu mweusi, boriti inavunjwa. Na wewe shemeji unarudi kubeba kokoto."

Leo ndiyo anapima tena. Vitufe vya chuma vimegundishwa ubavuni mwa boriti kwa mstari, naye anapima nafasi kati ya kimoja na kingine.

"Vipi?"

"Nafasi zimepungua. Zege limenywea, kwa hiyo nyaya zimelegea."

"Zimelegea? Nimekwisha!"

"Tulia, unanitikisia kipimo! Kulegea lazima. Hata wewe siku ya harusi ulikuwa na kifua."

Mwendesha mashine akacheka mpaka akalalia usukani. Moto acheke wapi! Macho kwenye vitufe tu. Shemeji anasogea, anapima, anasogea. Akafika mwekundu. Akaupita! Moto akafumba macho.

"Kidole kimoja," shemeji akasema.

"Kidole kimoja nini?"

"Toka hapa zege limenywea sawasawa mpaka katikati, maana yake hapa ndipo mshiko umekamilika. Nguvu imepungua kweli, lakini mshiko umekimbia kidole kimoja tu. Mweusi ule kule! Boriti imepona."

Wee! Moto aliruka juu, akakimbilia mashine. "Zima! Zima hilo dude!" Akarudi mbio akaikumbatia boriti, vumbi mpaka puani.

"Ukimaliza kuibusu," shemeji akasema, "kuna boriti nyingine pale, nyaya zake ziko tayari kuachiwa."

Mkono wa Moto ukaenda wenyewe kwenye gesi. Ukasita. Akashika mpini wa jeki, akalegeza kidogo, akangoja, akalegeza tena.

"Hivi?"

"Hivyo hivyo, bwana harusi."