Farasi Wanne Waliopotea

Injini kupiga kelele si kuwa na nguvu. Nilimwambia hivyo Mzee Mburu, fundi aliyeitengeneza injini kuukuu ya baba yangu, akanicheka.

Jioni hiyo lori lilikuwa liipeleke Ndabibi, ikaendeshe kinu cha mahindi. Kinu chenyewe kilitaka nguvu ya farasi wanane. Injini ikipungukiwa, mawe yangekwama kwenye gunia la kwanza, na akina mama wangeendelea kubeba mahindi mgongoni hadi Naivasha. Mmoja wao, Mama Wachuka, alikuja kwetu Bondeni kujionea jaribio kwa macho yake.

Mzee Mburu alipitisha kamba ya katani juu ya gurudumu zito la injini. Ncha moja akaifunga vyuma vya ratili mia. Ya pili akaishikiza kwenye mizani ya springi, tuliyoiazima kwenye ghala la sufu. Injini ikanguruma. Kamba ikasugua chuma mpaka ikafuka moshi, Mama Wachuka akaimwagia maji.

"Mizunguko mia tatu kwa dakika!" Mzee Mburu alipaza sauti. "Kila mzunguko futi kumi na moja. Zidisha kwa ratili mia. Haya, mwalimu, si umetoka chuo?"

"Laki tatu na elfu thelathini," nikasema. "Na nguvu ya farasi mmoja ni elfu thelathini na tatu kwa dakika, ratili mara futi."

"Basi kumi!" Akamgeukia baba yangu. "Shariff, ita lori."

"Bado, mzee. Mizani inasoma arobaini."

"Hiyo inashika kamba tu."

"Inavuta kamba upande uleule gurudumu linakozungukia. Inaisaidia injini. Toa arobaini kwenye mia. Injini inapambana na sitini tu. Hao ni farasi sita."

"Binti, nilishika spana kabla mama yako hajaolewa!"

"Sawa, mzee," Mama Wachuka akadakia, "lakini hao wanne wengine wako wapi? Wameenda ziwani kunywa maji?"

Watu wakaangua kicheko. Baba hakucheka. "Ifungue, Mburu," alisema.

Ndani, ringi mbili za pistoni zilikuwa zimeganda kwa masizi. Mzee Mburu alizisafisha, na baada ya alasiri tukapima tena. Mizunguko ileile, vyuma ratili mia na kumi, mizani ishirini. Safari hii alitoa ishirini mwenyewe, kabla sijafungua kinywa.

"Tisa," akasema.

Mama Wachuka aliipigapiga injini mgongoni kama ng'ombe aliyekubali kukamuliwa.

Walipokuwa wakiifunga kwenye lori, baba aliniita. Mzee Mburu alisimama kando yake, akifuta mikono kwa kitambaa.

"Kuluthum, hesabu yako ni sahihi. Lakini umemkosoa mzee mbele ya watu. Muombe radhi."

Niliitazama injini pale juu ya lori. Sikuwa na kinyongo na mtu yeyote duniani.

"Mzee Mburu," nikasema, "chai nitakuletea, na mahamri ya moto. Radhi siombi."