Paa la Watoto Njiti

Frida alifika Mpwapwa kipupwe kikiwa kimeshika, upepo unashuka kutoka milimani na kupenya hadi kwenye mifupa. Alikuwa mhandisi wa majengo kutoka Dodoma mjini. Matroni Restuta, msimamizi wa kituo cha afya cha misheni, alikuwa amemwita kwa kazi aliyoiita ndogo: apande juu ya jengo jipya, aangalie, kisha aandike kwamba paa linaweza kubeba mtambo.

Mtambo wenyewe ulikuwa uani, umefunikwa turubai. Ulikuwa msaada wa marafiki wa kituo, wa kupasha joto chumba cha watoto njiti wakati wa baridi na kukipoza jua la Oktoba likianza kuchoma. Ulikuwa wa aina ya kukaa juu ya paa na kupuliza hewa chumbani moja kwa moja, na uzito wake ungewashinda ng'ombe dume wawili.

"Kabla hujapanda, njoo umwone mwenye shida," Restuta alisema.

Wodini, ndani ya jengo hilo jipya, mama mmoja aitwaye Ruthu alikuwa ameketi kitandani na kichanga chake kifuani, ngozi kwa ngozi, blanketi limewazunguka wote wawili. Nyufa za dirisha zilikuwa zimezibwa kwa vipande vya kanga.

"Mtoto hajambo?" Frida aliuliza.

"Hajambo, dada. Ananyonya vizuri. Ila nikijigeuza tu, naogopa baridi itamwingia."

Frida alitoka pale akitamani kuandika ndiyo bila hata kugusa ngazi.

Kwenye ngazi alimkuta Mzee Ludovick, fundi mkuu aliyejenga jengo lile jipya na mzee wa kanisa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Panda bila wasiwasi. Paa hilo hata ukileta tembo, litambeba."

Lilikuwa paa la zege, bapa, safi. Frida alilikagua polepole, Ludovick akiwa amemfuata juu, akapitisha juu yake kifaa cha kutafuta nondo zilizomo ndani ya zege, akarudia tena upande wa pili akidhani amekosea. Hakukosea. Nondo zilikuwa nyembamba na zimeachana mno. Alipotoboa tundu dogo kupima unene, alikuta zege nalo ni jembamba.

"Mzee, halitaweza," alisema. "Tukiweka mtambo hapa, leo litakaa, na kesho litakaa. Lakini halitachelewa kupasuka, na chini yake kuna watoto."

Uso wa Ludovick ulibadilika. "Unataka kusema nimeiba nondo?"

"Hapana. Nauliza tu, uliambiwa hili paa ni la nini?"

"La kuzuia mvua! La nini tena? Wakati ule nani alijua habari za mitambo?"

"Basi kwa kazi hiyo umelijenga vizuri. Mvua zote zilizopita, na sijaona hata alama moja ya maji kupita. Ila mtu aliyefundishwa kubeba ndoo hatumtwishi gunia."

Mzee akatazama mbali. Pale chini Restuta, aliyekuwa amesikia kila neno, aliketi kwenye ukingo wa baraza, akajishika kichwa. Frida alitamani afadhali matroni amkemee.

Hakushuka. Alisimama palepale akigeuka huku na huku, na ndipo macho yake yakatua kwenye stoo ya zamani ng'ambo ya ua. Bati lake lilikuwa jekundu kwa kutu, lakini mgongo wa paa ulikuwa umenyooka kama uzi uliovutwa. Paa lenye mbao zilizochoka hulegea katikati.

"Mzee Ludovick, ile stoo kenchi zake ni za mti gani?"

"Ile?" Mzee alicheka bila kutaka. "Ile tulikuwa tunangoja kuibomoa."

"Twende tukaichungulie."

Waliingia darini na tochi, wakitambaa, utando wa buibui ukiwashika nyusoni. Frida alichomeka bisibisi kwenye kila kenchi, zile mbao zinazobeba bati. Moja, karibu na ukuta, ilikuwa imeliwa na mchwa ikabaki ganda. Nyingine zote zilikataa. Ncha ya bisibisi iliteleza. Ludovick alikwangua ubao kwa kisu, akaunusa.

"Mninga," alisema kwa sauti ya chini, kama aliyekutana na jamaa wa siku nyingi. "Mninga mtupu. Siku hizi mti kama huu utaupata wapi?"

Lakini kilichomfurahisha Frida zaidi ni kuta. Zilikuwa za mawe, pana kiasi cha mtu kuweza kulala dirishani, na msingi wake haukuwa umetitia popote.

"Kenchi hatutazitwisha chochote," alieleza waliposhuka, wote weupe kwa vumbi. "Tutaweka mihimili ya chuma kutoka ukuta hadi ukuta, ipite katikati ya kenchi. Mtambo ukae juu ya chuma, uzito ushuke kwenye mawe. Ile kenchi mbovu tutaibadilisha. Matroni, unaweza kuhamishia watoto stoo?"

Restuta alimtazama, halafu akaitazama stoo. "Nikiipiga chokaa na kuweka sakafu mpya, hata Jumapili naweza kusali humo!" Akaangua kicheko, akamkumbatia Frida na vumbi lake lote.

Ludovick alisimamia kazi mwenyewe. Kila boliti ilipokazwa, alipanda kuikagua, na Frida alipokuja kupima mara ya mwisho hakuona cha kuongeza. Winchi ikapandisha mtambo wafanyakazi wakishangilia, ukatua juu ya chuma, na kuta za mawe hazikuonyesha kama zimeongezewa kitu.

Jioni mtambo ulipowashwa, Ruthu alikuwa wa kwanza kuingia stoo. Alikaa kidogo, akafungua blanketi, akawaachia wauguzi waione miguu ya mwanawe, ambayo sasa ilikuwa imeanza kunenepa.

Uani walikula ugali wa uwele na mlenda. Ludovick alijisogeza karibu na Frida, akakohoa.

"Mwanangu, nyumbani kwangu nataka kupandisha tanki la maji juu ya paa. Paa hilo nililijenga mwenyewe." Akasita. "Kesho kabla hujaondoka, pitia uniangalizie."

"Nitapita, mzee," Frida alisema, akimega tonge jingine.