Mlango wa Kupigia Kura

Kengele ya shule ya jirani ikilia tu, Mheshimiwa hukurupuka kitini, akavaa koti juu ya nguo za kulalia, akashika njia. Akili zimeshamruka, maskini. Kichwani mwake bado ni mbunge, na kengele ile ni ya kuwaita wabunge wakapige kura: ikinyamaza, milango inafungwa, na aliyebaki nje imekula kwake. Binti yake, fundi cherehani, humfungia mlango wa mbele asije akagongwa na magari. Basi mzee huupiga ngumi mpaka vidole vinachubuka, akilia afunguliwe.

Wenzake wa bunge lile wametawanyika. Mmoja alipewa ubalozi akanenepea hukohuko, mwingine anauza saruji, wengi wako chini ya udongo. Yeye hakupewa hata uenyekiti wa soko, na kisa ni siku moja tu. Serikali ilileta mswada wa kubomoa mtaa wa wapiga kura wake, nyumba ya dada yake ikiwemo. Kengele ililia yeye yuko kantini anakunywa chai. Alipofika, mlango umefungwa. Aligonga mpaka wapiga picha wakaja. Mswada ukapita kwa kura moja, yake ingeukwamisha. Nyumba zikalazwa chini, na mume wa dada yake akafia kwenye hema. Uchaguzi uliofuata watu walimpiga chini, na mimi nasema walimstahi, maana wengine wangemchoma moto.

Dada mtu hakukanyaga tena kwake. Fundi ndiye aliyemtetea baba yake kufa na kupona, miaka nenda rudi: alichelewa, jamani, binadamu huchelewa. Sasa daktari amesema mzee hana siku nyingi, na fundi hakutaka azikwe bila msamaha wa shangazi. Alimbembeleza, akamwapia kwa kaburi la mama yake kwamba ilikuwa bahati mbaya. Mwisho shangazi akasema haya, atakuja.

Alikuja mchana, uso umekunjwa. Mzee hakumtambua, alimwita mama, akamsogezea kiti. Hapo moyo wa shangazi ukaanza kulegea. Alimshika mikono, akaviona vile vidole, akauliza vimefanywa nini. Fundi akamweleza habari za kengele na ngumi za kila siku. Kumbe mpaka leo anaikimbilia kura yetu, shangazi akasema, na machozi yakamtoka.

Kengele ikalia. Mzee akavaa koti. Fundi akaona leo, mbele ya shangazi, acha mzee naye afike japo mara moja. Akaufungua mlango wote, akatoka nje, akaushikilia.

"Pita, Baba. Uko wazi."

Mzee alifika kizingitini akaganda. Aliangalia nyuma, akaangalia mbele, jasho likamtoka. Kisha akamwinamia bintiye sikioni, akanong'ona kwa hasira, kama bosi anayemkaripia karani.

"Mbona hamjafunga? Tulikubaliana mfunge kwanza, ndiyo nije nigonge."

Fundi alijaribu kutafuta maana nyingine ya maneno yale, akaikosa.

"Anasemaje?" shangazi aliuliza kutoka ndani, akijifuta macho kwa mtandio.

Fundi alimtazama yule mama aliyezika mume kutoka kwenye hema.

"Anasema amechelewa, shangazi."

Kisha akaufunga mlango, kama mzee alivyotaka. Ngumi zikaanza, na kilio. Akamsikia shangazi akija kumkumbatia, naye analia, akimwambia yamekwisha, kaka, nimekusamehe. Fundi alibaki nje ameshika kitasa, akizisikiliza zile ngumi, na huruma yote aliyokuwa nayo kwa baba yake haikuwepo tena.