Nguzo za Mbono

Siku Yusuph aliponisalimia kwa adabu, nilijua nimeharibikiwa.

Yusuph ni mtoto wa shangazi yangu Mosi, dada wa marehemu baba. Binamu yangu, mtani wangu. Tangu tukiwa watoto hajawahi kupita mlangoni kwangu bila kunitukana. Ananiita mke wangu mbele ya mume wangu, na mume wangu anamwita mlinzi. "Luqmani, huyu mwanamke nilikupa umtunze tu, mbona umemkondesha?" Nami namjibu kwamba kwake hata kuku wamehamia kwa jirani kwa njaa. Mwaka jana alipochaguliwa kuwa mkuu wa ukoo nilimpelekea zawadi ya jogoo kilema. Alicheka mpaka akakaa chini, machozi yanamtoka.

Basi asubuhi hiyo ninamwagilia majani ya ng'ombe bandani, nasikia nyuma yangu: "Habari za asubuhi, Bi Sabra."

Kopo likaniponyoka.

"Yusuph, unaumwa?"

"Sijambo. Nimekuja kwa shughuli ya ukoo." Hakuingia. Alisimama nje, akainua fimbo akagusa nguzo ya kona. "Hii ni nini?"

"Nguzo. Kwenu hazipo?"

"Nguzo gani inatoa majani?"

Nikageuka kuitazama. Kweli ilikuwa na majani, tena mapana, ya kijani, yanacheza na upepo. Na ya pili yake. Na ile ya mlangoni, ambayo Luqmani alikuwa anatundikia shati lake.

"Mbono," Yusuph alisema. "Umepanda mbono, pande zote nne, kwenye ardhi ya ukoo wetu. Ijumaa baada ya swala tutakutana hapa hapa. Mama atakuwepo." Akaondoka. Hata ng'ombe wangu hakuwatukana, na wao huwa anawatukana kuliko anavyonitukana mimi.

Kwa asiye wa kwetu nieleze. Uluguru ardhi ni ya ukoo, na ukoo unafuata mama. Kipande hiki cha mlimani, juu ya Bigwa, ni cha ukoo wa baba yangu, maana yake ni cha shangazi Mosi na watoto wake. Mimi ni wa ukoo wa mama yangu. Mtoto wa mwanamume wa ukoo anaweza kutumia ardhi ya upande wa baba akiomba vizuri na kutoa ngoto, ile zawadi ya kila mwaka kwa mkuu wa ukoo. Analima mahindi, maharage, chochote kinachovunwa kikaisha. Mti hapandi. Anayepanda mti anadai ardhi, na anayedai ardhi isiyo yake anafungashiwa virago. Hilo nililijua kabla sijajua kufunga kitenge.

Tena mbono! Mbono kwetu ndio unaopandwa mpakani. Ukiuona umejipanga, unajua mtu anasema: kuanzia hapa mpaka pale, pangu.

Na mimi, jamani, nilianza biashara hii ya majani kwa sababu haihitaji ardhi. Nina ng'ombe wawili wa maziwa, Bi Harusi na mwanawe Kipusa. Kila kiangazi nilikuwa nanunua majani makavu ya mpunga kutoka Dakawa, yanapanda mlima kwa bodaboda kama bwana harusi aliyevishwa godoro, na ng'ombe wakiyala wananitazama kama nimewakosea. Maziwa yanakatika. Wateja wangu wa Mwembesongo wanahamia kwingine. Ndipo bibi shamba mmoja, Veronika, aliponifundisha kuotesha mahindi bila udongo. Unayaosha, unayaloweka usiku kucha, unayafunika kwenye gunia mpaka yaanze kutoa ncha, kisha unayatandaza kwenye trei zenye matundu na kuyanyunyizia maji mara kwa mara. Baada ya wiki moja unainua mkeka, mizizi imeshikana chini, majani mabichi juu. Ng'ombe anakula vyote, mizizi, punje na majani. Mara ya kwanza Bi Harusi alipopewa alinusa, akanitazama, akala, kisha akalamba trei mpaka ikasogea.

Trei zangu ni madumu ya mafuta yaliyokatwa katikati. Matundu nilitoboa kwa msumari wa moto. Ukuta ni neti nyeusi ya kivuli, paa ni nailoni. Nguzo alileta Luqmani.

Luqmani ni mtu wa Kondoa. Ana mikono mizuri na ana maneno mengi. Nilimwambia alete mirunda, akaniambia mirunda inaliwa na mchwa, yeye ana akili zaidi ya mchwa. Akaenda kukata matawi manene ya mbono kwenye ua wa zamani wa jirani, bure, akayachimbia. "Mbono mchwa hagusi," akasema, kifua mbele. Ni kweli, mchwa hakugusa. Ila maji ya trei yalidondoka kwenye miguu ya zile nguzo kutwa kucha. Zikachipua. Tukacheka! Tulisema tumepata kivuli cha bure. Ng'ombe mbono hawali, kwa hiyo hakuna aliyeyapunguza yale majani. Mimi niliona nguzo. Sikuona mti hata mara moja, na nilikuwa napita hapo kila saa na kopo langu.

Jioni ile nilimwambia Luqmani. Akashika kichwa.

"Si tuyakate tu majani?"

"Yusuph ameshayaona."

"Yusuph ni mtani wako! Atakuwa anakutania."

"Ameniita Bi Sabra."

Luqmani akavuta kigoda, akakaa. Hata yeye alielewa.

Mpaka hapo nilikuwa na aibu, hasira bado. Hasira ilikuja kesho yake, na ilikuja kwa gari jeupe. Liliishia barabarani, akashuka bwana mmoja wa mjini, mwenye viatu vya kuogopa tope. Akanisalimia vizuri, akauliza, "Mama, hili banda litaondoka lini?"

"Liondoke liende wapi?"

"Nimeambiwa na Bwana Yusuph patakuwa wazi wiki ijayo. Mimi mipaka yangu nimeshaweka." Akaonyesha kidole kule juu, kwenye matete.

Nilipanda huko nikiwa na panga mkononi. Nilikuwa nimeshajikwaa pale mwezi uliopita, nikikata matete, kidole kikavimba. Nikadhani ni kifusi cha tangi la maji la watu. Nikafyeka. Jiwe la saruji, limesimikwa wima, kichwani kuna nondo na rangi nyekundu. Nikafuata mstari. Jingine. Na jingine kule kwenye kijito. Mipaka ilikuwa imezunguka kipande chote na banda langu likiwa katikati kama kitoweo.

Kwa hiyo mbono haukumuuma Yusuph hata kidogo. Alikuwa anatafuta sababu ya kunitoa, na mume wangu alimpandia sababu, nami nikaimwagilia.

Luqmani alitaka twende kwa Yusuph tukamwombe tukiwa na mbuzi. Nikamwambia akiongeza neno mbuzi nitamlisha yeye mahindi ya trei. Usiku sikulala. Niliyapanga maneno ya kumtukania Yusuph tangu babu zake, nikakumbuka babu zake ni babu zangu, nikaanza upya.

Ijumaa wakaja. Yusuph mbele, kanzu imenyooka. Nyuma yake wazee wa ukoo kadhaa, na shangazi Mosi akiletwa taratibu na mkongojo, amekasirika kwa sababu ya mlima, jua na viatu. Shangazi ndiye mwanamke mkubwa wa ukoo ule. Mkuu wa ukoo anaongea, lakini ardhi inapita tumboni mwa wanawake, na kila mtu anajua.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Kiti kiko wapi? Mmeniita niangalie miti nimesimama kama mti?"

Nikamletea kiti. Akakaa kando ya banda, akachungulia ndani kwenye trei. "Hayo ndiyo majani ya kwenye madumu? Yanaota wapi?"

"Hayaoti ardhini, shangazi. Maji tu."

"Hayo hayana shida," Yusuph alidakia. "Mama, tazama nguzo."

Shangazi alitazama nguzo kwa muda mrefu. "Sabra," alisema, "wewe umekulia wapi?"

"Hapa."

"Na ukaacha mbono uchipue mpaka umefikia kufunika mlango?"

Watu wakaguna. Luqmani akajitokeza, maskini, akasema kosa ni lake, nguzo zilikuwa zimekatwa, kitu kilichokatwa hakihesabiki kuwa kimepandwa, hakina mizizi.

"Ng'oa moja tuone," alisema Yusuph.

Luqmani alikumbatia nguzo ya kona, akaitikisa, akaivuta. Haikuja. Akavuta tena, mishipa ya shingo imesimama. Ikatoka kwa sauti kama nguo inayochanika, na chini yake inaning'inia mizizi, myeupe, minene, yenye udongo wa ukoo.

Sikujua kama nicheke au nimpige nayo.

Yusuph aliichukua ile nguzo, akawaonyesha wazee mmoja mmoja kama mtu anayeuza samaki. Kisha akasimama katikati, sauti kubwa, ya mkutano. "Wazee wangu, mimi na huyu ni watani. Sina chuki naye. Lakini mila ni mila. Mtu yeyote akisimika kitu cha kudumu kwenye ardhi ya ukoo bila ukoo kujua, amedai mpaka. Na aliyedai mpaka anaondoka. Sabra aondoke, na banda lake, na ng'ombe wake."

"Rudia," nikasema.

"Nini?"

"Rudia hapo kwenye mtu yeyote."

"Usinichezee, Sabra."

"Leo sichezi, Yusuph. Wewe ndiye uliyeacha kucheza. Rudia, shangazi yuko mbali kidogo."

"Masikio yangu mazima," shangazi alisema. "Kasema mtu yeyote. Una nini?"

Nikachukua jembe. Nilipanda kwenye matete, nyuma yangu Luqmani ananiita, sikugeuka. Nilichimba pembeni ya lile jiwe la kwanza kwa hasira iliyonipa mikono ya watu wawili. Saruji ni nzito, jamani. Nilijua Yusuph alikuwa ameshaelewa, kwa sababu alipiga kelele, "Sabra, acha! Hilo si la kuguswa!" na sauti yake haikuwa tena ya mkutano. Nikaling'oa, nikalibeba kifuani kama mtoto, udongo unanimwagikia, kitenge kimechafuka, nikateremka nalo. Nikaliweka miguuni mwa shangazi. Likatua, tii.

"Hili nalo ni nguzo, Yusuph?" nikamuuliza. "Mbono wangu umetoa majani, kila mtu kaona. Hili lako litachipua lini, tulisubiri?"

Shangazi alisogeza mkongojo akagusa ile rangi nyekundu.

"Liko moja?"

"Yamezunguka mpaka kijitoni, shangazi. Mwenye gari jeupe alikuja kuniuliza banda litaondoka lini. Mwanao kamwambia wiki ijayo patakuwa wazi."

"Mama, nilikuwa nataka kuwaeleza," Yusuph alianza. "Ni kwa faida ya ukoo. Watu wanauza kote hapa, sisi tumekalia tu..."

"Nani kaweka?"

"Mama..."

"Nimekuuliza nani kaweka saruji kwenye ardhi ya mama yangu, wakati mimi nipo, nakula, naona, na natembea?"

Yusuph akatazama chini. Kanzu yake ilikuwa imeguswa na tope kwenye pindo. Nilimwona anaikunja pole pole kwa vidole, kama alivyokuwa akifanya na kaptura yake tulipokuwa watoto tukisubiri fimbo. Siku nyingine ningemcheka. Siku hiyo nilitaka akunje mpaka iishe.

Shangazi hakuwa na maneno mengi. "Sabra, mbono wote unatoka leo. Wewe na mumeo, wenyewe. Umekosa na utaleta kuku, na asiwe kilema. Nilisikia habari ya yule jogoo." Mzee mmoja akacheka, akajizuia. "Yusuph, mawe yote yanatoka leo, na unayang'oa wewe, kwa mikono yako, na kanzu hiyo hiyo. Huyo mwenye gari utamweleza wewe, sisi hatumjui. Na ngoto ya mwaka huu, Sabra, italetwa kwangu."

Hapo ndipo wazee walipoinamisha vichwa. Mkuu wa ukoo asiyepokea ngoto anabaki na fimbo tu.

Tulifanya kazi alasiri nzima, mimi na Luqmani huku chini, Yusuph kule juu. Tulitoa trei nje, tukakunja nailoni, tukang'oa nguzo, tukafukia mashimo. Tulichoma mizizi. Nilisikia jembe lake likigonga mawe, na pumzi yake, maana hajazoea. Kulikuwa na wakati alisimama akajishika kiuno, akanitazama. Nilikuwa na la kumwambia, tamu, kuhusu bwana harusi aliyejichimbia kaburi. Likafika mdomoni. Nikalimeza. Sikutaka kumpa.

Banda sasa limesimama tena, kwa mianzi iliyounguzwa ncha ya chini mpaka ikawa mkaa. Luqmani anaikagua kila asubuhi kama daktari wa wajawazito, akitafuta jani. Bi Harusi anakula mkeka wake na Kipusa anaiba. Maziwa yamerudi.

Yusuph bado anapita, njia ni moja. Jana alipita nikiwa nanyunyizia. Nikamsikia anapunguza mwendo, nikasubiri. Nilijisemea, akiniita mke wangu tu, hata kwa sauti ndogo, nitamjibu.

"Habari za asubuhi, Bi Sabra," akasema, akapita.

Katika miaka yote ya kutukanana, hajawahi kunitukana vibaya namna ile.