Kiapo Hakikutaja Kiingereza

Polikseni na wifi yake Urani walikuwa hawajasemezana kwa miaka tisa, siku walipojikuta wote wawili wameandikisha majina kwenye darasa la Kiingereza pale maktabani kwangu. Nasema kwangu kwa sababu funguo ninazo mimi. Maktaba ni ya manispaa, ila kuwasha jiko la kuni na kumfukuza paka kwenye rafu za historia ni kazi ya Sotir, yaani mimi.

Polikseni ni dada yake Thoma, na Urani ni mke wa Thoma. Nyumba zao zimepakana, katikati kuna ukuta wa mawe unaomfika mtu kifuani. Mama yao Thoma na Polikseni alipofariki aliacha mtambo wake wa kufumia, mkubwa, wa mbao za mjozi, aliofumia mazulia ya maharusi wa nusu ya mji huu. Ulibaki kwa Urani, chumba cha chini. Kisha ikaja ile baridi ya theluji nyingi, wakati Polikseni yuko Athene analea watoto wa watu. Aliporudi mwezi wa Aprili akashuka chumba cha chini, akakuta patupu.

"Mtambo wa mama uko wapi?"

"Nimeuchoma," akasema Urani.

Hakupata nafasi ya neno la pili. Polikseni alikwishatoka nje, akaita majirani, nami nikiwemo, akaapa mbele yetu na mbele ya msalaba kwamba neno la Kialbania halitatoka tena kinywani mwake kumwendea mwanamke yule. Urani naye shingo ngumu. "Asiyeuliza haambiwi," alisema, na akamkataza mumewe asitie mkono. Thoma alijaribu hata hivyo, mara mbili, na mara zote mbili dada yake alimwonyesha mlango.

Basi ikawa kazi ya Thoma kubeba maneno. "Mwambie dada yako mbuzi wake yumo kwenye vitunguu vyangu." Thoma anazunguka hadi mlango wa pili, umbali wa hatua arobaini, na dada mtu, aliyekwisha kusikia kila kitu kupitia ukutani, anamjibu: "Mwambie mkeo afunge lango lake." Miaka tisa.

Lililowaleta darasani ni wageni. Majira ya joto watu wanazidi kuja kwa ajili ya mto na chemchemi za maji ya moto, na kila mwenye chumba cha ziada ametandika kitanda. Mwaka jana wageni walimwomba Urani taulo, akawapelekea vitunguu. Polikseni Kigiriki anakijua, ila wageni wake walikuwa wa Norwe, akashinda siku tatu akiongea kwa mikono mpaka mabega yakamuuma. Kwa hiyo manispaa ilipobandika tangazo la darasa la bure, Jumanne na Ijumaa saa kumi na moja jioni, kila mmoja alikuja bila kujua kwamba mwenzake anakuja.

Tulikuwa wanane, pamoja na mwokaji mikate na fundi magari. Mwalimu wetu, Zhaneta, alitoka mji wa Korçë, binti wa miaka ishirini na saba, mpole, na hakujua lolote la mtaa wetu. Baada ya kutufundisha salamu alisema, "Sasa wawili wawili. Mama Polikseni, wewe na Mama Urani."

Fundi magari akainamia daftari lake. Sisi wengine tukatazama miguu yetu.

Polikseni alikitazama kitabu, akatazama dari, midomo ikimchezacheza kama mtu anayepima jambo. Kisha akamgeukia wifi yake. Kiingereza chetu nitakisimulia kama kilivyosikika, kikichechemea.

"Jioni njema, bibi," akasema. "Jina yangu ni Polikseni. Wewe hujambo?"

Urani akachungulia kitabu chake. "Mimi jambo sana, asante. Mimi furahi kukutana na wewe."

Tulipotoka nilimfuata Polikseni mlangoni. "Na kile kiapo?"

"Niliapa nini, Sotir?"

"Kwamba hutamwambia neno."

"Neno la Kialbania. Ulikuwepo, usinigeuzie maneno. Kiingereza sikukitaja. Ningekitajaje na sikijui?" Akajifunga mtandio. "Halafu sikiliza jambo zuri. Kwetu ningelazimika kuchagua: nimwite 'wewe' kama mtu wa nyumbani, au 'nyinyi' kama ofisa wa ushuru? Wenzetu wana 'you' moja tu. Kama shuka la hoteli, linamfunika yeyote."

Majira yale ya baridi tulijifunza mambo ya ajabu. Urani aliandika ubaoni kwamba kunanyesha, na mwalimu akamwambia sentensi haina mwenyewe, lazima iwe na 'it' mbele.

"Nani huyo?" Urani akauliza.

"Si mtu, mama. Ni 'it' tu."

"Ndiye anayenyesha?"

"Hakuna anayenyesha. Ni kanuni. Kila kitenzi sharti kiwe na mtu wa kukibeba, hata kama mtu mwenyewe hayupo."

"Kama serikali," akasema mwokaji mikate, na mwalimu akaruhusu tucheke.

Adabu ndizo zilizotushinda zaidi. Tafadhali kwa hili, asante kwa lile, na ukikanyagwa mguu, wewe uliyekanyagwa ndiye unaomba radhi. Siku ya somo la kumkaribisha mgeni, Urani alikuwa mwenyeji, Polikseni mgeni.

"Wewe ungependa kahawa?"

"Hapana, asante," akasema Polikseni, kama inavyompasa mtu aliyelelewa.

"Tafadhali. Kahawa."

"Hapana, asante."

"Mimi naweka kahawa," akasema Urani, na akaanza kumimina hewa kwenye kikombe.

Zhaneta akawakatiza. Alieleza kwamba Mwingereza akisema hapana mara moja, basi, umwache.

"Mara moja tu?" Urani akarudi kwenye Kialbania kwa mshangao. "Basi wageni wao wanalala njaa."

"Wanaamini mtu anajua anachotaka, mama."

"Nani anajua anachotaka kabla ya kikombe cha pili," akasema Polikseni, akiiambia rafu ya vitabu. Urani alicheka kabla hajakumbuka kwamba hawachekeshani, akajifanya anakohoa.

Mwezi wa Machi Kiingereza kilitoka maktabani kikafika ukutani. Thoma mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Alikuwa amekaa uani na kikombe chake, mbuzi akaingia, naye akaanza kuvaa viatu maana alijua safari inamsubiri. Mkewe akampita, akasimama ukutani, akapaza sauti.

"Samahani, bibi. Mbuzi yako anakula vitunguu yangu."

Kichwa cha Polikseni kikachomoza upande wa pili. "Mimi sikitika sana. Yeye ni mbuzi mbaya."

"Hapana, hapana. Yeye ni mbuzi mzuri sana. Lakini yeye ana njaa."

"Wewe una moyo mwema."

"Asante. Tafadhali chukua mbuzi."

"Nimefutwa kazi, Sotir," Thoma aliniambia, na sijawahi kumwona mtu aliyefutwa kazi akiwa na uso ule.

Majirani wakaanza kupata shughuli za ghafla karibu na ukuta ule. Walichotaka kusikia ni ugomvi, maana hawa wawili hawakuwa wamepatana hata kidogo. Walikuwa na miaka tisa ya maneno makali kifuani, na maneno yote waliyofundishwa ni ya adabu. Siku moja moshi wa majani aliyokuwa akichoma Polikseni uliziendea nguo safi za Urani, na Urani, uso mwekundu kama pilipili, akasema, "Je, wewe ungeweza kuwa mwema na kuwa na moshi pale?" Kisha akaja moja kwa moja maktabani.

"Sotir, 'mshenzi' kwa Kiingereza ni nini?"

"Sijui. Ndiyo kwanza tuko kwenye kuagiza chai."

"Matusi ni somo la ngapi?"

Nilifungua faharasa, tukatafuta pamoja. Hayakuwemo. Alikaa karibu na jiko, hasira zikampungua, akaniomba nimsikilize namna anavyotamka majina ya miezi.

Katikati ya Mei tukafika somo la wakati uliopita. Siku hiyo asubuhi Polikseni alikuja kuomba kamusi kubwa. Akakaa nayo dirishani nusu saa nzima, kidole kikitembea kwenye ukurasa, akaandika kitu kwenye kiganja. Nilidhani naye anatafuta matusi.

Jioni Zhaneta alitufafanulia maswali. Ukitaka kumuuliza mtu juu ya jambo lililokwisha, unaweka 'did', na hilo peke yake linabeba wakati wote uliopita. Kitenzi kinachofuata kinapumzika, kinarudi kama kilivyozaliwa. Kisha akatuambia kila mmoja amuulize mwenzake swali linaloanza na 'kwa nini'. Mwokaji akamuuliza fundi magari kwa nini alichelewa. Fundi akamuuliza mwokaji kwa nini mikate ya Jumatatu ilikuwa midogo. Zamu ikafika kwa Polikseni.

Hakufungua kitabu. Alikitazama kiganja chake mara moja, akamtazama Urani usoni.

"Kwa nini uliuchoma mtambo wa kufumia wa mama?"

Kiingereza chake kilikuwa hakina kosa. 'Did' ilikaa mahali pake, kitenzi kikapumzika mahali pake. "Vizuri sana, mama," akasema Zhaneta masikini ya Mungu, na akatushangaa mbona tumenyamaza.

Urani aliweka kalamu chini. Alikuwa akitafuta maneno, na nilimwona akiyakusanya moja moja, kama mtu anayeokota vitu vilivyomwagika.

"Theluji," akasema. "Siku kumi na moja. Umeme hakuna. Barabara hakuna. Thoma alikuwa mgonjwa." Akajipiga kifuani. "Hapa. Yeye alikuwa baridi, baridi sana. Mimi nilichoma kuni. Kisha mimi nilichoma viti. Kisha nilichoma mlango wa mbuzi. Kisha nilichoma..." Jina la kile kitu hakulijua, akaonyesha kiganja cha Polikseni. "Mimi..." Hapo pia neno lilimkosa, akapitisha vidole viwili kutoka jichoni hadi kidevuni. "Asubuhi Thoma alikula supu."

Polikseni alikifumba kile kiganja. Alipouliza tena sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe hukuuliza," akasema Urani.

Zhaneta wakati huo alikwisha kuelewa kwamba hili si zoezi. Alikaa taratibu kwenye kiti chake, chaki mkononi. Polikseni akasimama, benchi ikaburuzika sakafuni.

"Nasikitika," akasema kwa Kiingereza, lile neno tulilokuwa tukilisema kwa mguu uliokanyagwa na mlango uliobamizwa. Akalirudia. Akatikisa kichwa, na Kialbania kikamtoka. "Neno lao hili ni dogo, Urani. Halinifikishi. Nilikuwa Athene napasha maziwa ya watoto wa watu, na kaka yangu anakufa kwa baridi, na wewe uko peke yako na shoka. Na mimi nikaja kukupigia kelele kwa ajili ya mbao."

"Hazikuwa mbao tu," Urani akasema. "Mimi mwenyewe najua. Nilifumia mazulia yangu ya harusi pale, mama akiwa kanishika mikono."

"Ungenipiga kofi ukaniambia."

"Nilitaka. Ulikuwa unakimbia. Njoo ukae, utaangusha jiko."

Hakukaa. Walikumbatiana pale kati ya jiko na ramani ya dunia, wakilia na kusemezana kwa pamoja, hakuna aliyemsikiliza mwenzake, na fundi magari akatoka nje kuvuta sigara ingawa aliacha kuvuta tangu mwaka jana. Mimi nilimkimbilia Thoma. Nilimkuta anapogoa mzabibu. Nilipomwambia, alibaki na mkasi hewani, akauliza, "Kwa lugha gani?" Nikamwambia kwa yetu. Akaketi chini palepale kwenye udongo.

Kuhusu kiapo, Jumapili iliyofuata Polikseni alimwendea padri. Padri akamwambia awashe mshumaa, aombe toba, na kwamba kama angemuuliza miaka tisa iliyopita angempa jibu hilohilo. Wiki ile ile Thoma alibomoa sehemu ya ukuta upana wa mlango. Mawe aliyoyatoa ameyajengea meza ya nje, na mwezi wa Juni wageni wa kwanza, mume na mke wa Wales, walikula pale: pai ya mchicha na jibini ya Urani, jamu ya majozi mabichi ya Polikseni, na raki ya Thoma, pombe kali ya zabibu, iliyomfanya yule mume aimbe. Walisema hawajawahi kukutana na wanawake wenye adabu namna ile.

Adabu hizo ni za Kiingereza tu. Kwa Kialbania wanalipiza miaka tisa yote. Jana walikuja maktabani kujiandikisha darasa la pili, linaloanza Septemba, na nilisikia sauti zao tangu kwenye daraja. Urani anasema jamu ya wifi yake imezidi karafuu. Polikseni anasema ulimi wa wifi yake ulipoteza ladha mwaka wa kwanza wa ndoa. Niliwasogezea daftari la majina na kalamu.

"Aandike yeye kwanza," akasema Urani. "Ni mkubwa."

"Mkubwa nani? Nimekuzidi miezi minne tu."

"Miezi minne si umri, wifi?"

Waliigombania ile kalamu kwa muda, kisha Polikseni akaandika majina yote mawili kwenye mstari mmoja, kwa herufi kubwa, wakatoka wakaelekea sokoni kununua karafuu.