Bastola Mbili na Mkalimani Mmoja

Angélique alikuwa tayari kwenye mlango wa duka la silaha, amevaa viatu vyake vya kanisani, Damien alipompigia simu.

"Mama Victoire, nisamehe. Mwenzangu hakufika kazini, bosi amenibakiza zamu."

"Papa Exaucé, ni wewe uliyenifundisha bastola. Ukaniambia ningoje siku yako ya mapumziko. Nimengoja wiki tatu."

"Basi ngoja ya nne."

"Wale hawatangoja."

Damien aliwajua ni wale gani. Mchana kweupe, saluni ya Angélique kule mtaa wa Bellevue ikiwa imejaa wateja, vijana watatu waliingia. Mmoja alimwekea Victoire, binti wa Angélique, bastola kisogoni huku wenzake wakikusanya simu. Alipokuwa anatoka alimpapasa mtoto shavu, akamwambia wataonana tena. Tangu siku hiyo Victoire, mtoto wa miaka kumi na mmoja, hakubali kukaa akiwa ameupa mlango mgongo.

"Uko na nani hapo?"

"Na mtoto. Shule zimefungwa."

"Bon, mtoto atakutafsiria. Lakini chagua vizuri, mama. Leseni inaombwa kwa namba ya bastola ileile moja. Ukijuta baadaye, unaanza upya, na miezi yote hiyo imepotea."

Kutafsiriwa na mtoto halikuwa jambo geni. Kiingereza cha Angélique kilikuwa cha saluni: kaa, geuka, inama, inaunguza? Mtihani wa silaha aliufaulu mara ya pili, kwa kukaririshwa na Damien kama mtu anayekaririshwa zaburi. Mengine yote, ya hospitali, ya benki, ya barua za mwenye nyumba, yalipitia mdomoni mwa Victoire. Jocelyne, msusi mwenzake, alizoea kumtania: "Kwenu wewe ndiye mtoto."

Muuzaji alikuwa mzungu mzee mwenye masharubu yaliyogeuka manjano kwa tumbaku. Alimtazama Victoire, akasema neno.

"Anasema nisiguse kitu," Victoire alitafsiri. "Eish, nani anataka kugusa?"

Mzee alitandika kitambaa juu ya kaunta, akalaza bastola mbili. Moja nyeusi, moja ya kijivu. Urefu sawa, unene sawa, risasi sawa. Ungedhani pacha waliovalishwa nguo tofauti ili mama yao asiwachanganye.

"Mwambie nasimama nimeinama kutwa nzima," Angélique alisema. "Na kichwa cha mteja kinaegemea hapa."

Mzee hakuelewa. Kwa hiyo Angélique alivuta kigoda, akamkalisha Victoire kama mteja, uso ukielekea mlangoni. Mzee alikagua mara mbili kwamba bastola haina kitu ndani, akamfunga Angélique ile nyeusi kiunoni, katika ala yake, chini ya aproni. Angélique aliinama, akashika nywele za binti yake kama anayeanza kusuka. Kichwa cha mtoto kikaja kuegemea nyonga, mahali pake pa siku zote.

Shingo ya Victoire ikakakamaa.

"Naisikia, Mama. Iko kwenye sikio langu."

Angélique alijinyoosha haraka. Wakaihamishia nyuma ya kiuno, ikatulia. Ya kijivu nayo ikatulia palepale. Hakuna iliyomzidi mwenzake kwa kujificha. Ikabaki mikono kuamua.

Na mikono ndiyo iliyokuwa shida. Miaka kumi na saba ya kusuka ilikuwa imemla dole gumba la kushoto na la kulia. Alibana chuma cha juu cha ile nyeusi ili akoki. Hakikusogea. Akabana tena, machozi yakamlenga. Kikamteleza, kikamchubua ngozi.

Akachukua ya kijivu. Chuma kilirudi nyuma kama droo iliyopakwa mafuta.

"Hii!" alisema kwa sauti kubwa, akacheka. Alikuwa hajacheka tangu siku ile ya saluni.

Mzee naye akatabasamu, akaanza kueleza, na Victoire akaanza kutafsiri.

"Springi yake ni laini, imetengenezwa kwa watu wa mikono yenye maumivu. Kwanza unatoa magazini. Halafu unavuta, unaangalia ndani kama kuna risasi. Ukitaka kupiga, unarudisha magazini, unavuta mpaka mwisho, unaachia, usiisindikize. Kidole kinakaa nje mpaka..."

Angélique akagundua kwamba mzee alikuwa amenyamaza zamani. Mtoto alikuwa hatafsiri tena. Alikuwa anasema anachokijua, aliyoyashika Damien alipokuwa akimkaririsha mama yake. Mikono yake mitupu ilishika hewa, ikavuta, ikaachia, ikanyooka mbele. Jicho moja limefumbwa. Mikono ilielekea mlangoni.

"Chukua hiyo ya kijivu, Mama. Siku mikono ikikuuma nitakukokia mimi. Si ndiyo mimi nafungua chupa zote? Na namba ya sefu naijua."

Aliijua, ndiyo. Sefu ya kuhifadhia bastola ilipofungwa ukutani nyumbani, nani aliyesoma kitabu chake cha maelekezo? Nani aliyebonyeza namba, akachagua tarehe yake ya kuzaliwa? Angélique alikuwa amesimama pembeni, anajivunia mtoto msomi.

Akairudisha ya kijivu juu ya kitambaa, polepole.

"Nenda ukakae pale mlangoni, kwa mlinzi wa duka."

"Nani atakutafsiria?"

"Nenda."

"Mama, hutaelewa kitu!"

"Basi sitaelewa. Nimesema nenda."

Victoire akaenda akiburuta miguu. Angélique akanyooshea kidole ile nyeusi. Mzee akatikisa kichwa, akaonyesha ya kijivu, akakunjakunja vidole vyake kwa huruma. Angélique akamnyooshea kidole mtoto kule mlangoni, kisha ya kijivu, akaigiza kuvuta kwa vidole viwili bila shida. Akatikisa kichwa. Akaonyesha mtoto tena, kisha nyeusi, akaigiza kuvuta hadi kukunja uso na kushindwa. Akaitikia kwa kichwa.

Mzee akaelewa. Alizunguka kaunta, akamgeuza mkono wa kushoto. Si kwa kubana na dole gumba. Kiganja chote juu ya chuma, vidole vinne viking'ata kama meno, kiwiko karibu na mbavu. Mkono wa kushoto ushikilie, wa kulia usukume bastola mbele. Mwili mzima ufanye kazi.

Mara ya kwanza, hapana. Ya pili, hapana. Jasho likamtoka. Alijua ile ya kijivu ingemwokolea nusu sekunde siku wale watakaporudi, na nusu sekunde ni maisha. Lakini wale huenda wakaja, huenda wasije. Victoire yumo nyumbani kila siku.

Mara ya tano chuma kililia, kikarudi chote.

"Sharp," mzee alisema, yaani safi.

Akarudia mpaka kiganja kikawa chekundu. Ndipo akaomba kalamu, akatia sahihi, na nyeusi ikawekwa dukani kungoja leseni.

"Umechukua ipi?" Victoire aliuliza barabarani, amenuna.

"Ile ngumu."

"Hutaiweza."

"Nimeiweza."

Walipofika nyumbani Angélique alijifungia chumbani na kitabu cha sefu na kamusi ya Jocelyne. Alisoma neno kwa neno namna ya kubadilisha namba, kidole kikifuata mstari. Akabonyeza. Taa nyekundu. Akabonyeza tena. Nyekundu, na mlio.

"Mama?" Sauti ilikuwa nyuma ya mlango. "Nikusomee?"

"Hapana."

Ilikuwa mara ya kwanza katika nchi hii ya ugeni kumjibu hivyo. Alianza tena mwanzo wa ukurasa. Taa ikawa kijani.

Alipofungua mlango Victoire alikuwa amesimama palepale, macho mekundu.

"Kwani nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu. Lete kitana, kichwa chako kimekuwa msitu."

Mtoto alileta kigoda, akakiweka kama kawaida yake, uso kwa mlango wa nje. Angélique alikigeuza. Victoire akakaza mabega, akataka kuinuka.

"Kaa. Mimi niko nyuma yako."

Akaketi kati ya mtoto na mlango, akaanza kugawa nywele. Ilichukua misuko mitatu kabla kile kichwa hakijakubali kuegemea.