Chupa Sita za Alhamisi

Zilipobaki siku nne kabla ya kura, Mama Chupa aliamka na miguu iliyovimba na sauti iliyokauka. Jina hilo alipewa na watu wa mtaani, wengine kwa heshima, wengine kwa kejeli. Kwa miezi mingi walikuwa wakimwona kila Alhamisi akiteremka korongoni, anachota maji ya mto chini kidogo ya bomba la kiwanda cha ngozi, anabandika tarehe kwenye chupa na kuipeleka maabara. Ofisi ya mazingira ilimwambia bila kumung'unya maneno: lete vipimo vya wiki hamsini na mbili mfululizo, isikosekane hata moja, ndipo kiwanda kitaitwa. Alikuwa amefika ya arobaini na sita.

Kisha watu wakamtia maneno agombee ubunge, naye akachukua fomu, maana mtu akisifiwa sana husahau umri wake. Alhamisi zake zikaliwa na mikutano, na kazi ya chupa akamwachia mumewe, fundi cherehani. Hata chumba cha mumewe cha kushonea kiligeuzwa ofisi ya kampeni. Cherehani zilisukumwa ukutani, meza ya kukatia ikajaa vipeperushi, na fundi mwenyewe akawa anapindia suruali za wateja jikoni. Hakulalamika. Hilo peke yake lilipaswa kumshtua mkewe, kwa sababu yule alikuwa mtu wa kulalamikia hata kivuli.

Asubuhi hiyo mpimaji wa maabara alipiga simu. Alizungumza polepole, kama mtu anayeleta habari za msiba. Vipimo sita vya mwisho vilikuwa sawasawa, alisema, mpaka tarakimu ya mwisho, na mto haujawahi kurudia namba moja wiki mbili, seuze sita. Ripoti alikuwa hajaiandika. Angengoja mpaka Jumatatu, asikie kutoka kwake.

Mama Chupa alikwenda jikoni. Mumewe alikuwa ameshikilia sindano midomoni, na alipomwona tu akaitoa. Hakuzunguka mbuyu. Alhamisi ya kwanza alijaza kwa mkupuo chupa sita, moja kwa kila wiki ya kampeni, akazipanga nyuma ya ndoo, kisha kila wiki akabandika tarehe mpya na kutuma moja.

"Wewe unayepima kitambaa mara mbili kabla ya kukata," mkewe alisema.

Fundi aliangalia suruali ya watu iliyokuwa mapajani mwake. Alisema aliona ni afadhali ziwepo kuliko zikosekane. Zaidi ya hapo hakusema, na mkewe alikuwa amechoka mno kumchimba.

Mdogo wake Mama Chupa, aliyekuwa akiendesha kampeni, aliposikia alifunga mlango kwanza. "Dada, nyamaza mpaka tupige kura. Ukishapita, utasema unavyotaka."

Lilikuwa shauri la mtu mwenye akili, na ndilo lililomtesa njia nzima kwenda ukumbini, kwenye mdahalo wa wagombea. Akinyamaza, angeomba kura kwa vipimo ambavyo vingine ni vya uongo. Akisema, wiki arobaini za kweli zingekwenda na maji pamoja na zile sita, na hesabu ingeanza upya kwenye moja. Alitamani kulala tu, hata pale pale barabarani.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mbunge aliyekuwa akitetea kiti chake alizungumza nusu saa juu ya subira. Ilipofika zamu yake, Mama Chupa aliweka daftari la vipimo mezani na hakulifungua. Alisema wiki sita za mwisho zisihesabiwe, maji yalichotwa siku moja, na kwa hiyo mwaka mzima umeharibika. Kosa ni lake, alisema. Minong'ono ikapanda. Mbunge akauliza, kwa upole wa paka aliyeshiba, ni nani hasa aliyezijaza.

"Mtu wa nyumbani kwangu," alijibu. "Inatosha."

Kiti kikakwaruza sakafu nyuma kabisa. Mumewe alikuwa akijaribu kusimama. Alishika bega la jirani, akakosa, akashika tena, na ilichukua muda mrefu kiasi kwamba ukumbi mzima uligeuka kumtazama.

"Ni mimi," alisema. "Magoti yamekufa. Ile siku ya kwanza nilipanda korongo kwa kutambaa. Ningemwambia, angeacha kugombea."

Mama Chupa alisimama na kipaza sauti mkononi, na aibu ikamshika, si ya vipimo. Wiki sita alikuwa amesalimia wagonjwa wa watu mtaa kwa mtaa na kuwauliza wanaumwa wapi. Wa kwake alikuwa akimpita jikoni. Mwenyekiti wa mdahalo akamkumbusha kwamba zimebaki dakika zake tatu. Akasema wapewe wengine, akateremka jukwaani, akapita katikati ya watu mpaka nyuma, akakaa naye.

"Tutaanza tena Alhamisi," mumewe alinong'ona.

"Nitaanza mimi. Wewe hushuki tena."

"Ukipita, Alhamisi utakuwa bungeni."

Jukwaani mdogo wake alikuwa ameshachukua kipaza sauti na anawaomba wote watakaompigia dada yake kura wainue mikono. Mikono ikaanza kuinuka, ya mbele kwanza, kisha ya katikati, mingi kuliko alivyotarajia. Mama Chupa akajikuta anaomba moyoni ishuke.